Uzi maalum: Time Peace ya The Rascals (1968), wazungu wa New Jersey walioimba soul, muziki wa Wamarekani Weusi, mpaka Aretha Franklin akaimba wimbo wao

Kinanda B3 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wazee wetu wa humu shikamooni.

Jukwaa hili la zilipendwa tumeshazichambua kampuni za soul, Motown ya Detroit na Stax ya Memphis, James Brown ana nyuzi zisizohesabika. Leo naomba tukae na santuri moja tu ambayo naona haipewi haki yake: *Time Peace: The Rascals' Greatest Hits*, iliyotolewa na Atlantic Records Juni 1968. Nyimbo kumi na nne, saba kila upande. Septemba mwaka huo ikakaa namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, na ndiyo albamu pekee ya bendi hii iliyowahi kufika pale.

Kwa wasiowajua: The Rascals ni vijana wanne. Felix Cavaliere, kinanda cha Hammond B-3 na sauti. Eddie Brigati, sauti na matari. Gene Cornish, gitaa, mzaliwa wa Ottawa kule Canada. Dino Danelli, dramu. Walianza 1965 pale Garfield, New Jersey, mji wa kwao Eddie. Watatu kati yao walishapitia bendi ya Joey Dee and the Starliters, ile iliyovuma na twist kwenye ukumbi wa Peppermint Lounge, New York. Mwanzo Atlantic iliwatoa kwa jina la The Young Rascals kwa sababu kulikuwa na kundi la wapiga kinanda cha mdomo lenye jina linalofanana. Hilo neno "Young" wakalidondosha 1968.

Hoja yangu ni hii. Mikusanyiko mingi ya vibao ni rundo tu, unaweza kuisikiliza kuanzia popote. Time Peace imepangwa kwa kufuata miaka, kwa kiasi kikubwa, na ukiisikiliza toka mwanzo hadi mwisho unasikia bendi ikisoma. Upande wa kwanza ni wanafunzi: wanakopi mwimbaji wa soul Wilson Pickett, wanakopi kundi la The Olympics, wanapiga kwa nguvu zote kama watu waliopewa nafasi ya kwanza kwenye ukumbi mkubwa. Upande wa pili wameshahitimu, wanaandika wenyewe, na walimu wao wanaanza kuimba nyimbo za wanafunzi. Haya yote yametokea kati ya mwisho wa 1965 na masika ya 1968. Miaka miwili na nusu! Sijui bendi nyingi zilizokua kwa kasi hiyo.

Tuanze.

---

Mtaa wa Pili

Mkuu, nimewahi kusikia "Groovin'" tu, ile inapigwa Jumapili redioni. Sikujua kama ni wazungu. Naomba utupe wimbo kwa wimbo.

---

Kinanda B3

Karibu sana mkuu. Sitapita kila wimbo kwa urefu uleule, kuna mingine haina mengi ya kusema.

Wa kwanza, "I Ain't Gonna Eat Out My Heart Anymore", ndiyo singo yao ya kwanza, mwisho wa 1965. Wameandikiwa na Pam Sawyer na Lori Burton. Anaongoza Eddie. Haukufika mbali kwenye chati, uliishia namba 52, lakini sikiliza anavyoongea kabla ya kuimba, kwa sauti ya chini, halafu anapasuka. Hiyo ni tabia ya waimbaji wa soul waliotoka kanisani, na huyu ni kijana wa Kiitaliano wa New Jersey.

Wa pili ndio ulioibeba bendi: "Good Lovin'". Felix aliusikia kwa The Olympics kwenye redio ya Wamarekani Weusi. Toleo la Olympics la 1965 lilipita bila kelele. Hawa wakauchukua, wakauongeza mwendo, wakahesabu moja mbili tatu kwa kupiga mayowe, na mwisho wa Aprili 1966 ukawa namba moja Marekani. Kuna sehemu bendi nzima inanyamaza, unadhani wimbo umekwisha, halafu wanarudi wote kwa pamoja. Wakuu, kila nikifika pale nywele zinasimama.

Na hapa naomba mzingatie kitu kimoja cha kiufundi: bendi haina mpiga besi. Jukwaani Felix alikuwa anapiga besi kwa miguu kwenye pedali za Hammond, mikono inapiga kinanda, mdomo unaimba. Mtu mmoja, kazi tatu. Studio ndipo waliita wapiga besi wa kukodi, kama Chuck Rainey.

"You Better Run" (1966) ni singo yao ya kwanza waliyoandika wenyewe, Felix na Eddie. Imefika namba 20. Wengi wanaijua kwa Pat Benatar aliyeirudia 1980, na video yake ilikuwa ya pili kuonyeshwa MTV siku ile kituo kinafunguliwa Agosti 1981.

"Come On Up" napita. Ni nzuri ya kuchezea, basi.

---

Fimbo Mbili

Mkuu B3 umegusa Rascals halafu ukampita Dino Danelli kwa mstari mmoja? Hapana, naomba nisimame hapa kidogo.

Mimi ni mpiga dramu. Nimepiga kwenye bendi za hotelini miaka mingi. Danelli alitokea kwenye jazz, mtu wake ni mpiga dramu Gene Krupa, na ndiyo maana mkono wake wa kushoto haupigi kama wa wapiga rock wa wakati ule. Wapiga rock wengi wa 1966 walikuwa wanakong'ota tu, moja-mbili, moja-mbili. Danelli anapiga "Good Lovin'" kwa mwendo ule wa kasi lakini haukimbii. Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayejua. Ukimpa mpiga dramu wa kawaida wimbo ule, ubeti wa tatu ameshatangulia wenzake.

Halafu tafuteni video zao za kwenye vipindi vya televisheni vya enzi zile. Anazungusha fimbo vidoleni, anairusha juu, anaidaka, na mdundo haudondoki. Amefariki Desemba 2022 akiwa na miaka 78. Magazeti ya Marekani yalimwandika, huku kwetu sikuona hata mstari, kwa hiyo nashukuru kwa uzi huu.

---

Kinanda B3

@Fimbo Mbili asante sana mkuu, hili la kushoto kwake sikuwa na namna ya kulieleza vizuri kama ulivyolieleza. Na sikiliza tena "You Better Run" ukiwa na hilo akilini, dramu na kinanda vinasukumana mwanzo mwisho.

---

Hoja Nzito

Nitasema kinyume kidogo. Naipenda sauti yao, lakini tuwe wakweli: upande wa kwanza kuna "Mustang Sally" na "In the Midnight Hour". Zote mbili ni za watu weusi. Wilson Pickett ndiye mwenye "Midnight Hour", ameiandika na Steve Cropper na kuirekodi Memphis 1965. Vijana weupe wanaichukua, wanaipiga, wanauza mamilioni, na mwenye wimbo anaendelea kuingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Hili ndilo lililofanyika kwa Chuck Berry, kwa Little Richard, kwa Big Mama Thornton. Kwa nini Rascals tuwahesabu tofauti?

---

Kinanda B3

Swali zuri, na ndilo swali lenyewe la uzi huu. Nitajibu kwa marefu, mnivumilie.

Kwanza upande wa sauti. Kwenye "Midnight Hour" nakubaliana na wewe kabisa. Ukiweka toleo la Pickett na la Rascals pamoja, la Pickett linashinda. Ana ule mdundo wa Stax unaochelewa kidogo, ambao Rascals hawakuupata. Wao wanaupiga kama bendi ya ukumbini usiku wa Jumamosi. Kila bendi ya Marekani mwaka 1966 ilikuwa inapiga wimbo huu. "Mustang Sally" ni habari nyingine. Wimbo ni wa Mack Rice, 1965. Rascals waliutoa mwanzoni mwa 1966, nyuma ya singo ya "Good Lovin'" na kwenye albamu yao ya kwanza. Pickett aliurekodi baadaye mwaka huohuo, kule Muscle Shoals, Alabama. Leo dunia nzima inaujua kwa Pickett na ni haki yake, lakini Rascals hawakukopi kwake.

Pili, nani aliwachukua. Atlantic ilikuwa nyumba ya Ray Charles, Ruth Brown, The Drifters, Solomon Burke. Kampuni zilizowataka Rascals zilikuwa zaidi ya moja. Wakachagua pale kwa sababu ndiko zilikotoka santuri walizokuwa wanazilala nazo, na kwa sababu Atlantic iliwakubalia jambo ambalo bendi changa haikupewa wakati ule: kujisimamia wenyewe studio, huku Tom Dowd akiwa kwenye mitambo na Arif Mardin akiwasaidia kupanga ala. Dowd huyuhuyu ndiye aliyekaa kwenye mitambo ya mpiga saksafoni John Coltrane na Ray Charles. Mardin ni Mturuki wa Istanbul, baadaye akawa mmoja wa watayarishaji wakubwa kabisa. Kwa hiyo walienda kusomea kwa walimu wenyewe.

Tatu, na hili ndilo linalonifanya niwapende kama watu. Walipopata nguvu waliitumia. Waliweka sharti kwamba hawapandi jukwaani kwenye onyesho ambalo halina wasanii weusi kwenye orodha. Hii ni Marekani ya mwisho wa miaka ya 60. Sharti hilo liliwakosesha kazi kule kusini, maonyesho yakafutwa, pesa ikapotea. Hawakulegeza. Hapo ndipo ninapowahesabu tofauti, mkuu. Mtu anayechukua tu na kuondoka hakubali kukosa mapato kwa ajili ya yule aliyechukua kwake.

---

Hoja Nzito

Hilo la tatu sikulijua, na lina uzito. Ila bado nashikilia kwamba redio na kampuni ziliwafungulia wao milango ambayo Pickett alifungiwa. Sharti lao halibadilishi mfumo.

---

Kinanda B3

Mfumo haukubadilika, kweli, hapo sina ubishi. Mimi nawapima watu kwa walichofanya ndani ya mfumo.

---

Dada Kwaya

Habari zenu kaka zangu. Mimi naimba kwaya na nafundisha sauti, kwa hiyo nitachangia kwa upande wangu.

Upande wa pili wa santuri hii unapaswa kufundishwa. Waitikiaji wao! Aliyesema mwanzoni kwamba ni watu wanne amesahau wa tano: David Brigati, kaka yake Eddie, aliyetoka The Starliters. Hakuwa mwanabendi rasmi lakini sauti yake imo kwenye santuri zao. Ndugu wawili wa tumbo moja wakiitikia, sauti zinashikana kwa namna ambayo watu baki huwa hawaipati hata wakifanya mazoezi mwaka mzima. Kwenye "Lonely Too Long" (mwanzoni mwa 1967, ilifika namba 16) sikiliza wanavyopanda nyuma ya Felix. Hawaimbi maneno yote, wanamjibu, wanamsukuma, wanamwachia. Ni kanisani kabisa.

Halafu "How Can I Be Sure". Ni waltz, mapigo matatu, kama wimbo wa mitaani Paris, na vinanda na fidla alizopanga Arif Mardin. Eddie anauimba kama mtu anayeuliza swali na kuogopa jibu. Anaanza chini, karibu anong'one, na kila ubeti anaongeza pumzi kidogo tu. Wanafunzi wangu wote wanataka kuanza juu! Nawaambia msikilizeni huyu kijana, sauti kubwa anayo, tumeisikia upande wa kwanza, lakini anaitunza. Ulifika namba 4 mwaka 1967. Dusty Springfield aliuimba 1970, na David Cassidy akaufikisha namba moja Uingereza 1972. Hakuna aliyemfikia Eddie.

---

Kinanda B3

@Dada Kwaya shikamoo dada, na asante. David Brigati amesahauliwa na wengi, mimi nikiwa mmoja wa walioandika uzi bila jina lake. Sasa limo.

Naomba niingie kwenye "Groovin'" maana ndiyo moyo wa santuri.

Felix alikuwa na mchumba. Mwanamuziki anafanya kazi Ijumaa na Jumamosi usiku, wakati ambao wapenzi wengine wanatoka. Kwa hiyo wao walibaki na Jumapili mchana tu. Wimbo ni huo, hakuna kingine: watu wawili hawana pa kwenda Jumapili na wanafurahi. Ukiusikiliza kwa makini utaona hawakupiga kama bendi ya rock. Tumba ndizo zinazobeba mdundo, Chuck Rainey yuko kwenye besi, kuna kinanda cha mdomo, na ndege wanalia. Mdundo ni wa Kikuba.

Jerry Wexler wa Atlantic hakuutaka. Aliona hauna sura ya bendi iliyotoa "Good Lovin'". Mtangazaji mashuhuri wa New York, Murray the K, aliusikia studio na akawatetea kwamba ni kibao. Mei 1967 ukawa namba moja.

Sasa subirini hapa wakuu. Ulikaa namba moja wiki mbili. Nani akautoa? Aretha Franklin na "Respect", kampuni hiyohiyo ya Atlantic. Aretha akakaa wiki mbili, halafu "Groovin'" ikarudi ikamtoa Aretha, wiki mbili tena. Na kwenye chati ya R&B, ambayo ndiyo ilikuwa chati ya wasikilizaji weusi, "Groovin'" ilifika namba 3. Mwaka uleule Booker T. & the M.G.'s wa Memphis wakaipiga bila maneno. Januari 1968 Aretha mwenyewe akatoa *Lady Soul*, na ndani yake kuna "Groovin'".

Nilipoandika mwanzo kwamba walimu walianza kuimba nyimbo za wanafunzi, nilimaanisha hili. Aretha hakuwa na shida ya nyimbo. Aliuchukua kwa sababu aliona unamfaa.

---

Pwani Mwambao

Assalaam aleikum. Ndugu yangu, umenipa jibu la kitu kilichokuwa kikinisumbua. Siku zote nikiusikia huo wimbo hapa Mombasa najiona kama nasikia kitu cha kwetu, ilhali lugha si yetu wala watu si wetu. Kumbe ni tumba!

---

Kinanda B3

Waaleikum salaam ndugu. Ndiyo hivyo. Santuri za Kikuba za HMV, zile zenye namba za GV, ziliingia Kongo na Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 30, na rumba yetu ya dansi imejengwa juu yake. New York nako Wakuba na Wapuerto Rico walikuwa mtaani na muziki wao. Sikio lako na la Felix vimenywa kisima kimoja.

---

Mzee wa Magomeni

Marahaba vijana wote mliosalimu.

Niongeze jambo la hapa nyumbani maana vijana wengi hawalijui. Mwaka 1969, soul ilikuwa imeshika Dar es Salaam sawasawa. Vijana na suruali za kubana, nywele, mabinti na sketi fupi, na hizo dansi za soul kila mwisho wa wiki. Novemba mwaka huo mkoa ukaipiga marufuku. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wetu, na wakati uleule kulikuwa na ile operesheni ya Umoja wa Vijana dhidi ya mavazi. Kukawa na mjadala mkali magazetini, wengine wakiuliza: muziki wa Waafrika wenzetu wa Marekani, wanaopigania haki zao, unakuwaje wa kikoloni?

Kwa hiyo mkijadili nani ana haki ya kuimba soul, kumbukeni kwamba hata sisi tulibishana kama tuna haki ya kuucheza.

---

Hoja Nzito

Mzee wangu shikamoo. Hii ni historia ambayo ingestahili uzi wake peke yake. Tafadhali ufungue, tutakuja.

---

Mzee wa Magomeni

Marahaba. Nitafungua, inshallah.

---

Mtaa wa Pili

Nimesikiliza albamu nzima toka jana wakuu. Swali kwa mwenye uzi: "People Got to Be Free" mbona haimo? Nilitafuta jina la bendi mtandaoni, kila mahali unatajwa kuwa wimbo wao mkubwa kabisa.

---

Kinanda B3

Hapo ndipo penye kidonda cha santuri hii.

Time Peace imetoka Juni 1968. "People Got to Be Free" imetoka Julai. Wiki chache tu! Tazama mwaka ulivyokuwa: Aprili 4 Martin Luther King ameuawa Memphis. Mwanzoni mwa Juni Robert Kennedy ameuawa Los Angeles, na Felix alikuwa mfuasi wa kampeni yake ya urais. Kuna pia kisa cha gari lao kuharibika safarini Fort Pierce, Florida, na watu wa pale wakawatisha. Mwaka huo Felix na Eddie waliandika wimbo wa kudai watu wawe huru, si wa huzuni hata kidogo, una tarumbeta na unachezeka. Wexler kwa mara nyingine hakuutaka, aliogopa siasa ingeiharibu bendi. Wakasimama kwenye msimamo wao. Ukawa namba moja kwa wiki tano mfululizo, Agosti hadi katikati ya Septemba.

Sasa angalieni tarehe: wimbo unatoka namba moja katikati ya Septemba, na albamu ya Time Peace inapanda namba moja mwishoni mwa Septemba. Mimi naona wazi kwamba watu waliingia dukani wakiwa na wimbo ule kichwani, wakamkuta Rascals na santuri ya vibao, wakainunua, ilhali wimbo waliousikia haumo. Ili uupate kwenye albamu ilibidi usubiri *Freedom Suite* ya 1969.

Kwa upande mwingine kuna faida. "A Beautiful Morning", unaofunga santuri, haukuwa kwenye albamu yao yoyote ya studio. Ulitoka kama singo masika ya 1968, wa kwanza kwa jina fupi la The Rascals, ukafika namba 3. Time Peace ndiyo nyumba yake. Na kuufunga nao ni uamuzi mzuri sana: baada ya kelele zote za upande wa kwanza unaishia na wimbo wa asubuhi, sauti zimetulia, wanaimba kama watu waliolala vizuri.

Nikiwa na uwezo ningeondoa "Easy Rollin'" nikaweka "People Got to Be Free" mahali pake.

---

Dada Kwaya

Hapana kaka, "Easy Rollin'" usiiguse! Ondoa "Come On Up" ambayo wewe mwenyewe umeipita bila neno. "Easy Rollin'" ina utulivu unaotayarisha "A Beautiful Morning". Ukiweka "People Got to Be Free" pale katikati, wimbo wa mwisho utasikika mdogo.

---

Fimbo Mbili

Namuunga mkono dada. Na "It's Wonderful" ndiyo ningeitoa. Walikuwa wanajaribu vionjo vya 1967, makelele ya studio na vikolombwezo, kila bendi ilitaka kufanya kama Beatles. Haikuwa asili yao. Rascals walikuwa bendi ya jukwaani, ya jasho. Kumbuka walipoanza kupata jina ilikuwa majira ya joto ya 1965 kwenye klabu ya The Barge kule Long Island, wanapiga kila usiku. Meneja wao Sid Bernstein, aliyewaleta Beatles uwanja wa Shea Agosti ile, akaandikisha kwenye ubao wa matokeo kwamba The Rascals wanakuja. Bendi isiyo na hata santuri moja sokoni! Meneja wa Beatles, Brian Epstein, hakufurahi.

---

Kinanda B3

@Dada Kwaya hoja ya mpangilio naikubali. Basi "Come On Up" itoke.

@Fimbo Mbili "It's Wonderful" ni dhaifu, ila naiacha kwa sababu ya ile hoja yangu ya bendi inayosoma. Mwanafunzi anajaribu pia vitu visivyomfaa. Ukiiondoa, safari inakuwa safi kupita ukweli wenyewe.

---

Chati Zote

Baadaye iliishaje? Mbona wamepotea haraka?

---

Kinanda B3

Eddie aliondoka 1970, Cornish akafuata 1971. Felix na Danelli wakahamia Columbia, wakatoa albamu mbili zenye mwelekeo wa jazz, *Peaceful World* na *The Island of Real*, na 1972 bendi ikafa. Kwangu mimi kuondoka kwa Eddie ndiko kulikoiua. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika maneno mengi juu ya muziki wa Felix, na hakuna aliyeziba pengo hilo.

1997 waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, na aliyewatambulisha ni Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa Bruce Springsteen, naye mtoto wa New Jersey. Huyohuyo Van Zandt ndiye aliyewakusanya wote wanne mwisho wa 2012 kwa onyesho la Port Chester, New York, na 2013 wakaingia nalo Broadway.

---

Hoja Nzito

Nimerudi. Nimesikiliza Aretha na Rascals kwenye "Groovin'", moja baada ya nyingine, kwa sauti nzuri.

Nitasema nilichosikia. Aretha anaipandisha, anaipeleka kanisani, waitikiaji wake wanaingia kwa nguvu. Rascals wameiacha pale chini, uvivu wa Jumapili. Nilitegemea Aretha amshinde Felix kama Pickett alivyomshinda. Haikuwa hivyo. Kwenye huu wimbo Rascals wana kitu ambacho Aretha hakukitafuta. Sasa nauliza: walipoandika wenyewe, ni soul bado, au ni kitu kingine chenye damu ya soul?

---

Kinanda B3

Mkuu, mimi ninasema ni soul. Wasikilizaji weusi wa 1967 waliipeleka namba 3 kwenye chati yao, na nani mwingine ana haki ya kuamua kuliko wao?

---

Dada Kwaya

Mimi nasema ni kitu kingine chenye damu ya soul, na si tusi. Soul ya Aretha inatoka kwenye maumivu na inapigana kupanda. "Groovin'" na "A Beautiful Morning" zinaanzia kwenye furaha na zinabaki palepale. Sikiliza pumzi zao: hakuna mahali Felix anapolazimisha koo. Ni nadra sana mwimbaji aliyejifunza kwa Ray Charles kuacha kulazimisha koo.

---

Hoja Nzito

Hapo kwenye koo dada umenishika. Narudi kusikiliza "Lonely Too Long", maana pale nadhani bado analazimisha, na ilitoka miezi michache tu kabla ya "Groovin'".

---

Dada Kwaya

Analazimisha, ndiyo. Sikiliza hasa sehemu ya mwisho, pale waitikiaji wanapomwachia peke yake. Halafu weka "Groovin'" moja kwa moja, zimefuatana kwenye santuri.